Fremu Kwanza, Mota Baadaye: Niliyojifunza kwa Kuunda Mashine ya CNC Mara Mbili

Mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ninayoitumia sasa kuchonga vipuri ni ya pili kuiunda kwa mikono yangu. Ya kwanza ilinichukua miezi minane, ikachonga mbao vizuri kwa muda, kisha siku niliyoifungia kipande cha alumini ikaanza kutetemeka na kupiga kelele kali, na duara nililolitaka liwe na kipenyo cha milimita 50 likatoka na umbo la yai. Kwa majuma kadhaa nilibadilisha mipangilio ya programu na kupunguza kasi, nikiamini kuwa kasoro ilikuwa katika umeme au katika maagizo niliyoyaandika, hadi nilipokubali kwamba hakuna mpangilio wa kompyuta unaoweza kukaza fimbo inayopinda. Ninamwandikia mtu ambaye bado ana karatasi na penseli tu mezani na hajanunua chochote, kwa kuwa wakati huo ndio kosa la usanifu hufutwa kwa kifutio.

Swali la kwanza la usanifu ni kitu gani kitakachochongwa, wala si ukubwa wa mota. Mbao na plastiki huivumilia mashine iliyo legevu kiasi, alumini haiivumilii, na chuma, kwa maoni yangu, kisiwe lengo la mashine ya kwanza ya mtu yeyote anayefanya kazi nyumbani. Mimi sikuchagua. Nilitaka mashine ya kuchonga kila kitu, tena iwe kubwa, na kwa hiyo nikaipa upana wa milimita 700. Baadaye nilipopima vipande vyote nilivyokuwa nimevitengeneza, niliona kwamba karibu vyote vingetosha katika eneo la milimita 300 kwa 400. Upana ule wa ziada niliulipia kwa gharama kubwa, maana boriti iliyoegemea ncha mbili ikiongezwa urefu maradufu hupinda mara 8 zaidi kwa nguvu ile ile. Kabla ya kuchora chochote, orodhesha vitu 10 unavyotaka kweli kuvitengeneza, vipime, halafu usanifu mashine inayovitosha hivyo na si zaidi.

Kipimo kilichonifungua macho ni rahisi mno. Nilifunga kipimo cha saa, kile chenye mshale unaosoma sehemu ya mia ya milimita, juu ya meza ya mashine, nikaugusisha mguu wake kwenye spindeli (mota inayozungusha kisu), kisha nikaisukuma spindeli kwa mkono kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 5. Mshale ulisogea milimita 0.4. Nilipokaa kupiga hesabu nilikuta kwamba sehemu kubwa ya mpindo ule ilitokana na fimbo mbili za chuma zilizokuwa zikibeba mhimili wa X (mwendo wa kushoto na kulia), ambazo zilikuwa na kipenyo cha milimita 16 na zilishikwa kwenye ncha tu: kila moja ikibeba nusu ya nguvu hiyo katikati ya urefu wa milimita 700, hupinda karibu milimita 0.28. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya kwa nusu saa kabla ya kununua fimbo zenyewe. Tangu hapo sinunui boriti, reli wala fimbo bila kwanza kukadiria itapinda kiasi gani ikisukumwa kwa nyutoni 50 (karibu uzito wa kilo 5), na ninamsihi kila anayeanza afanye vivyo hivyo, kwa sababu kanuni zake zimo katika kitabu chochote cha uhandisi wa msingi na hazihitaji zaidi ya kikokotoo.

Katika mashine ya pili niliziacha fimbo za mviringo kabisa na kutumia reli bapa zenye vigari vya gololi, zilizofungwa kwa bolti katika urefu wake wote juu ya paipu za chuma za mraba. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Paipu ya mraba yenye upande wa milimita 80 na unene wa milimita 3 ni kakamavu takriban mara 9 kuliko ile ya milimita 40 yenye unene huo huo, ilhali uzito wake ni zaidi kidogo tu ya mara mbili. Kuongeza upana wa paipu, kwa hiyo, kuna faida kubwa kuliko kuongeza unene wa ukuta wake. Vilevile chuma cha kawaida ni kakamavu karibu mara 3 kuliko alumini ya umbo lile lile, na katika fremu isiyotembea uzito si adui. Unasaidia kumeza mtetemo. Paipu za msingi nilizijaza mchanga mkavu kabisa, na mlio wa mashine ukabadilika siku hiyo hiyo.

Tatizo la fremu ya kuchomelea ni kwamba joto huivuta na kuipinda, hata ukichomelea kwa vipande vifupi na kubadilisha pande. Fremu yangu, baada ya kupoa, ilikuwa na tofauti ya zaidi ya milimita moja kati ya pembe mbili. Sikuwa na mashine kubwa ya kuusawazisha uso wake, basi nikajenga kingo ndogo kuzunguka mahali pa reli, nikaunganisha pande zote mbili kwa mfereji, nikamimina gundi ya epoksi nyepesi ijisawazishe yenyewe kama maji, na kuiacha siku kadhaa ikauke. Njia hii inadai subira, na vumbi au mapovu yakiingia kazi huharibika, lakini ilinipa nyuso mbili zilizolingana kuliko nilivyotarajia.

Mhimili wa Z, ule wa kupanda na kushuka, unastahili uangalifu kuliko unavyopewa. Nguvu yote ya kuchonga hupitia kwenye kisu, koleti (kibanio cha kisu), spindeli, bamba la Z, vigari, boriti ya daraja (fremu inayovuka juu ya meza) na miguu yake hadi kwenye meza, na kiungo kimoja dhaifu katika mnyororo huo hutosha kuviangusha vingine vyote. Vigari vya Z viachane kadiri inavyowezekana, na spindeli isining'inie chini kuliko kazi inavyohitaji. Kisu chenyewe hufuata kanuni ile ile: kikitokeza milimita 40 badala ya 20, hupinda mara 8 zaidi.

Wakati wa kuunganisha, funga reli moja kwanza na uifanye kuwa rejeo. Ya pili iachwe na bolti zilizolegea, usogeze daraja kutoka mwanzo hadi mwisho mara kadhaa ili vigari vyenyewe viipange, kisha ukaze bolti moja moja ukianzia pale daraja lilipo. Ili kuhakiki kwamba X na Y (mwendo wa mbele na nyuma) zinafanya pembe mraba, toboa matundu kwa mashine yenyewe kwa umbali wa milimita 300 kwenye X na 400 kwenye Y. Mshazari wake lazima uwe milimita 500. Mwisho funga kipimo cha saa kwenye spindeli na ukizungushe juu ya meza katika duara pana. Mshale ukionyesha tofauti, weka vibati vyembamba nyuma ya spindeli mpaka tofauti hiyo ibaki ndogo kadiri unavyoweza kuivumilia. Nilitumia siku mbili nzima kwa hatua hii, wala sijutii hata saa moja.

Kuhusu skrubu na mota nitasema machache, kwa kuwa hapa chaguo si gumu. Skrubu ya gololi (fimbo yenye nyuzi inayosukuma mhimili mota inapoizungusha) yenye kipenyo cha milimita 16 na mwendo wa milimita 5 kwa mzunguko inatosha kwa mashine ya ukubwa huu, mradi ncha yake moja ishikwe na beringi zinazozuia kusogea mbele na nyuma. Mota ya hatua ya kawaida, ile inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, ina hatua 200 kwa mzunguko. Draiva, kifaa kinachoilisha mota umeme kwa mapigo, ikizigawa kwa 8, hupatikana mapigo 1,600, yaani mapigo 320 kwa kila milimita. Usidhani kwamba kuzigawa zaidi kunaongeza usahihi. Kunakula kasi tu: programu ya GRBL, inayoongoza mashine kutoka kwenye kibao kidogo cha kielektroniki kiitwacho Arduino Uno, hutoa takriban mapigo 30,000 kwa sekunde, na ukigawa hatua kwa 32 mashine haitaweza kupita milimita 1,400 kwa dakika.

Umeme nimeuheshimu zaidi baada ya kuunguza draiva moja kwa kuchomoa waya wa mota huku umeme ukiwa umewashwa. Kamwe usifanye hivyo. Waya wa spindeli uwe na ngao iliyounganishwa na ethi na upite mbali na nyaya za swichi za kikomo (zinazosimamisha mhimili ufikapo mwisho wa mwendo wake), la sivyo mashine itasimama katikati ya kazi bila sababu unayoiona. Kitufe cha dharura kitumie swichi ambayo kwa kawaida imefungika, yaani inapitisha umeme, ili waya ukikatika mashine isimame yenyewe, na kikate umeme wa spindeli na wa mota moja kwa moja bila kuitegemea programu. Miwani ya kukinga macho ivaliwe tangu jaribio la kwanza.

Kwa alumini, kisu cha milimita 6 chenye jino moja, kikizunguka mara 18,000 kwa dakika na kila mzunguko kikikata ganda la milimita 0.04, kinahitaji mwendo wa milimita 720 kwa dakika. Ukienda polepole mno kwa hofu, kama nilivyofanya mimi, jino husugua badala ya kukata, alumini hupata joto na kunata kwenye kisu, na kisu huvunjika. Punguza kina cha kukata kwanza, mwendo uuache.

Mashine ya pili ilipokamilika nilirudia vipimo vile viwili. Mkono ule ule ulipoisukuma spindeli mshale ulisogea milimita 0.05, na duara la milimita 50 likatofautiana milimita 0.04 kati ya X na Y. Kazi niliyoipa kwanza baada ya hapo ilikuwa kuchonga bamba jipya la Z la alumini, nene kuliko lile nililokuwa nimelikata kwa msumeno na kulisawazisha kwa tupa, na bamba hilo ndilo linaloibeba spindeli hadi leo.