Kwa mnaoanza kusoma takwimu za watoto na risasi Marekani

Vijana wetu wanaokuja Marekani kusomea afya ya jamii, wengi siku hizi hupangiwa utafiti wa bunduki. Tangu 2020 risasi ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19 huku. Zimezipita ajali za magari. Fedha za utafiti huo nazo zimerudi. Kifungu cha sheria cha Dickey cha 1996, kilichokataza CDC (taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa) kutumia pesa zake kupigia debe udhibiti wa bunduki, kiliwatia watu woga wa kufadhili utafiti hadi bajeti ya 2020 ilipotenga fungu upya.

Ninalowaambia kwanza: msiguse safu ya rangi ya mtu (Mweusi, Mzungu na kadhalika) kabla ya kutenganisha mauaji, kujiua na ajali. Mwaka 2021 risasi ziliua 4,752 walio na umri usiozidi miaka 19, na karibu nusu walikuwa Weusi. Ukiishia hapo umepotea. Kati ya waliouawa na watu wengine, Weusi walikuwa kama theluthi mbili. Kati ya waliojiua, Wazungu walizidi robo tatu. Tatizo moja liko mtaani, jingine liko kwenye droo ya chumba cha baba. Kufungia bunduki ndani ya sefu kunasaidia sana hilo la pili, ila usitarajie kutamaliza la kwanza.

Data za hospitali ndizo zinazowaponza wengi. Mstari mmoja utasomeka hivi: mvulana, miaka 15, jeraha la paja, W34.00XA, Medicaid, karuhusiwa. Medicaid ni bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, na W34 ni msimbo wa bunduki kufyatuka kwa bahati mbaya. Nani kasema? Huenda hakuna aliyesema. Daktari wa zamu kaandika "kapigwa risasi" akakimbilia mgonjwa mwingine, na kanuni inamwambia karani wa misimbo kwamba nia isipotajwa aandike ajali. Ndiyo maana faili za hospitali zimefurika "ajali", huku mashambulizi yakipungua, kwenye karatasi tu. Vyeti vya vifo vina nafuu, kwa sababu kifo cha namna hii lazima kichunguzwe. Lakini rangi humo hujazwa na mtu wa kampuni ya mazishi baada ya kuuliza ndugu. (Watoto wa wakimbizi wa Kongo na Somalia huangukia humo humo kwenye "Weusi", msitegemee kuwaona peke yao.)

Halafu umaskini. Medicaid haitoshi kuwa kipimo. Unganisheni anwani na hali ya mtaa. Mji wa Philadelphia ni somo zuri. Mitaa ambayo ramani za serikali za miaka ya 1930 ziliipaka nyekundu, ikanyimwa mikopo ya nyumba, ndiyo ambayo mpaka leo risasi zinalia zaidi. Mji huohuo, watafiti walisafisha viwanja vilivyotelekezwa, wakapanda nyasi na miti, na matokeo ya 2018 yakaonyesha matukio ya bunduki yamepungua kwa asilimia 29 kwenye mitaa maskini zaidi. Kilichobadilishwa ni viwanja, si rangi za wakazi. Anayeandika "rangi" kama chanzo aulizwe hilo.

Kuhusu walionusurika, jihadharini na data za bima. Mtoto akihamishwa mji, au mama akipoteza bima, anatoweka kwenye faili na anaonekana kama amepona. Kabla hujalinganisha uponaji wa Weusi na Wazungu, hesabu wangapi hawaonekani tena baada ya miezi michache, kisha uangalie kama wanafanana na waliobaki.