Mjomba wa Mitambo Anajibu: Msimbo mzima, duka limeukataa

*Shikamoo Mjomba. Dada yangu yuko ng'ambo. Siku yangu ya kuzaliwa alininunulia kadi ya zawadi ya duka la gemu, akaikwangua na kunitumia picha ya msimbo. Nimeuingiza mara sita, kila mara naambiwa si sahihi. Dada anaapa hauna kasoro, risiti anayo. Rafiki yangu mmoja anasema niwashe VPN, mwingine anasema nibadilishe nchi ya akaunti. Nimsikilize nani?*

Marahaba, mpwa wangu. Kwanza acha kuuingiza huo msimbo, maana maduka mengine hukufungia kwa muda ukirudiarudia.

Dada yako ni mkweli, na duka halijala hela yenu. Msimbo ni mzima, ila una uraia. Kadi iliyouzwa kwa fedha ya nchi fulani kwa kawaida hujaza akaunti zilizosajiliwa nchi hiyo tu. Bahati mbaya ujumbe wa kosa haukwambii hivyo. Unasema "si sahihi", basi, na wewe unabaki umekodolea picha macho ukijiuliza kama ile ni sifuri au herufi O.

Huyo wa VPN mwache. VPN inageuza mahali unapoonekana upo, lakini duka linatazama akaunti imesajiliwa wapi, na wakati wa kulipa linatazama kadi ya benki imetolewa nchi gani. Hata uonekane uko mwezini, akaunti ni ileile. Tena Steam, duka la gemu za kompyuta, kwa mfano, imekataza kwenye masharti yake kuficha mahali unapoishi kwa njia kama hizo, na akaunti ikifungwa unafungiwa na gemu zako zote.

Wa kubadilisha nchi ana hoja kidogo, ila hajakwambia gharama. Akaunti ya PlayStation haibadilishwi nchi kabisa: uliyochagua siku ya kwanza ndiyo hiyo hiyo. Steam inakuruhusu mara moja kila miezi mitatu, na inataka ulipe kwa njia ya malipo ya nchi unayohamia. Google Play, duka la simu za Android, ni mara moja kwa mwaka, na salio la nchi ya zamani halihami nawe. Apple inataka umalize salio lote na ukatishe usajili unaoendelea ndipo ikuruhusu.

Mimi niliwahi kuhamisha nchi ya akaunti yangu, mpwa wangu, tena kwa ajili ya kitabu kimoja tu kuhusu urambazaji. Nilikipata. Lakini salio dogo nililoliacha nyuma likaganda huko, na kamusi niliyokuwa nikiitumia kila siku ikaacha kujisasisha kwa sababu duka jipya halikuwa nayo. Nilipotaka kurudi nikaambiwa nisubiri. Nilisubiri miezi kumi na moja nikiwa na kamusi iliyozeeka, kwa kitabu ambacho hadi leo sijavuka sura ya tatu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama dada ana akaunti yake huko, auingize msimbo kwake, autumie, kisha akutumie hela. Kuomba arudishiwe fedha ajaribu, ila asitegemee sana, kadi ikishakwanguliwa wauzaji wengi hawaipokei. Na mwakani asinunue kadi ya nchi aliko. Anunue ya nchi ya akaunti *yako*. Zinauzwa mtandaoni, msimbo hutumwa kwa barua pepe, na hana haja ya kukwangua kitu.

Kuna wanaofungua akaunti ya pili iliyosajiliwa nchi nyingine, kisha gemu wanazicheza kwa akaunti yao ya kawaida kwenye mashine ileile. Kwenye konsoli nyingi, yaani mashine za gemu, inafanya kazi. Lakini masharti yanataka useme unapoishi kweli, kwa hiyo hapo sikushiki mkono.

*Mjomba, kitabu hikihiki cha karatasi nikiagiza kutoka duka la nchi nyingine kinakuja. Kitabu pepe, duka lilelile, naambiwa hakipatikani nchini kwangu. Faili linazidi karatasi kwa uzito?*

Umenichekesha. Uzito uko kwenye mkataba. Mwandishi anaweza kumpa mchapishaji mmoja haki za Uingereza na mwingine haki za Marekani, na nchi zilizobaki zikagawanywa, au zisipewe mtu. Cha karatasi kinahesabiwa kimeuzwa pale duka lilipo, kikishalipiwa posta inakibeba popote. Cha faili kinahesabiwa kimeuzwa pale mnunuzi alipo. Nchi yako isipokuwa kwenye orodha ya mchapishaji, duka halina ruhusa ya kukuuzia hata likitaka. Hata Umoja wa Ulaya, uliopiga marufuku aina nyingi za ubaguzi wa wateja kwa sababu ya nchi zao tangu Desemba 2018, uliviacha vitabu pepe nje ya sheria hiyo.

Kabla ya kukata tamaa, ingia kwenye tovuti ya mchapishaji mwenyewe. Wengine huuza faili moja kwa moja bila kufuli la kidijitali linalolifunga kwenye duka moja, na faili la namna hiyo unalihifadhi popote. Lenye kufuli hutegemea duka: duka la vitabu pepe la Microsoft lilipofungwa mwaka 2019, wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu vyenyewe havikufunguka tena.

*Nimenunua diski ya gemu ya PS4 (PlayStation 4) iliyotoka nchi nyingine. Inacheza vizuri, lakini nyongeza za gemu hiyo nilizonunua kwenye duka la mtandaoni la nchi yangu haizioni. Mashine ni mbovu?*

Mashine haina neno. Diski za PS4 kwa kawaida hucheza mashine yoyote, lakini nyongeza lazima itoke eneo moja na diski. Tazama msimbo ulioandikwa ubavuni mwa kasha: ukianza na CUSA linganisha namba zake na zile za nyongeza dukani. Zikitofautiana, omba urudishiwe fedha leo, kabla siku za kudai hazijapita.