Boksi la darubini limeandikwa ukuzaji mara 525, mbona tunaona giza tu?

Barua za safari hii karibu zote ni za nyota, nadhani kiangazi kimewatoa watu nje. Nimechagua nne. Waliouliza bei wanisamehe, bei leo hivi kesho vile.

Anko shikamoo. Sisi ni washkaji hapa Dodoma, tulichangishana tukaagiza darubini, boksi limeandikwa 76mm/700mm na ukuzaji mara 525, ina mguu wenye vyuma vimekaa kimshazari na kizito cha duara. Tukatoka nje ya mji njia ya Kondoa na kundi zima, mishkaki ipo, muziki upo, halafu usiku kucha tukaona giza na kivuli cheupecheupe basi. Wenzetu walitucheka mpaka tukakosa pa kuweka sura. Tunataka kurudi mwezi ujao, tufanyeje? – Mzee wa Anga, Dodoma

Marahaba. Poleni, ila darubini yenu wala siyo mbovu, kilichowaponza ni hiyo 525. Hesabu yake iko hivi: unachukua umbali wa kutoka kwenye kioo mpaka mwanga unapokusanyika, yaani ile 700, unagawa kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya kuchungulia, ukiweka ile ya 4 unapata 175, halafu wamewapa na kile kibomba cha kuzidisha mara tatu, 175 mara tatu ndiyo hiyo 525. Hesabu ni sahihi ila haina faida kwenu, maana kioo cha milimita 76 kinavumilia ukuzaji wa kama mara mbili ya kipenyo chake, tuseme 150 hivi na hapo hewa iwe imetulia kwelikweli, ukizidisha unakuza ukungu tu na mwanga unazidi kufifia. Kwa hiyo kibomba kibaki nyumbani, na lenzi ya 4 isahauni kwa sasa. Anzeni na yenye namba KUBWA, mara nyingi ni 20, hapo mnapata mara 35, Mwezi unaenea wote, kutafuta kitu kunakuwa rahisi, kikishapatikana ndiyo mnabadilisha kwenda 12.5.

La pili, kile kidarubini kidogo cha mgongoni kinalengwa mchana siyo usiku. Tafuteni mnara wa simu wa mbali, uwekeni katikati kwenye darubini kubwa, halafu zungusheni vile viskrubu mpaka kidogo nacho kionyeshe ncha ileile ya mnara. Lakini upande ambao jua halipo! Msipofanya hivi usiku mtapapasa anga mpaka mishkaki ipoe.

Sasa huo mguu, hapo ndipo penye kazi. Mguu wa namna hiyo ulibuniwa kufuata mzunguko wa Dunia, mhimili wake mmoja lazima uelekee ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota zote zinaonekana kuzunguka, na watu wa Ulaya wanaulengesha kwa Nyota ya Kaskazini wanamaliza. Sisi Dodoma tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta, nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho hatuioni kamwe, na ncha yetu ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya ardhi halafu haina nyota inayong'aa, kwa hiyo mhimili unalala karibu sawa na ardhi na kizito kinaanza kugongana na miguu ya stendi. Mnahangaika nusu saa mnadhani mmekosea kufunga, kumbe haukutengenezwa kwa kutufikiria sisi. Dawa: kama skrubu yake inakubali, usimamisheni mhimili huo wima kabisa, hapo itazunguka kushoto kulia na juu chini basi. Na mkija kununua nyingine msinunue mguu wa aina hii, chukueni ya mtindo wa Dobson, bomba limekaa kwenye boksi la mbao linazunguka kwa kusukuma na mkono. John Dobson na wenzake walianza mwaka 1968 kuzipanga barabarani San Francisco wapita njia wachungulie bure, na mpaka leo sijaona kitu kinachofaa kundi la marafiki kuliko hicho. Kasoro yake moja ni kwamba utosini kabisa inakuwa ngumu kusukuma, na huku kwetu sayari zinapenda kupita utosini, mkikwama ngojeni kidogo ishuke.

Kuhusu usiku wenyewe. Jua likizama saa kumi na mbili na nusu, kufika saa mbili kasoro robo giza limeshakamilika, huku kwetu halichelewi. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, halafu mtu mmoja akiwasha simu kujibu meseji mnaanza upya wote, kwa hiyo moto wa mishkaki uzimwe kwanza, mle mapema, na tochi ipakeni rangi nyekundu ya kucha. Mkali mmoja awe msimamizi wa darubini kazi yake ni kurudisha kitu katikati tu, maana Dunia inazunguka, kwa ukuzaji wa mara 100 sayari inavuka duara lote kwa kama dakika mbili, mtu wa nne kwenye foleni anakuta giza anasema mmemdanganya. Na jamani mwambieni mwenyekiti wa kijiji mapema. Kundi la vijana porini usiku na bomba limeelekezwa juu, hata mimi ningekuja na rungu.

Cha kuangalia mwezi wa sita hadi wa nane: lile kundi la nyota la Nge liko juu kabisa na lile wingu zito la Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota za galaksi yetu, hapo pitisheni darubini taratibu tu bila kutafuta chochote. Kusini kuna Msalaba wa Kusini, na pembeni yake nyota mbili kali, ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri, kwa macho ni moja, kwenye darubini yenu zinatoka mbili. Halafu Omega Centauri, kundi la nyota kama milioni kumi hivi, kwa macho ni kinyota chenye ukungu, kwenye darubini ni kama mtu kamwaga sukari kwenye kitambaa cheusi. Wazungu wengi wa kaskazini haiwatokei kabisa, nyie mnayo juu ya mishkaki.

Mambo vipi anko. Mbona picha za mtandaoni zina rangi za pinki na bluu ila sisi tukichungulia ni kijivu tu? Tumepigwa? – Jogoo wa Shamba, Morogoro

Hamjapigwa. Kwenye mwanga hafifu sehemu ya jicho inayoona rangi inakuwa kama imelala, inafanya kazi ile ya weusi na weupe. Kamera inakusanya mwanga dakika nyingi, jicho halihifadhi. Sayari na baadhi ya nyota rangi mtaziona, yale mawingu ya gesi hapana.

Shikamoo anko. Nina watoto watatu na shemeji kaniachia darubini ndogo ya lenzi alipohama. Tupo Tanga mjini, taa kila kona, na nataka niwaite na watoto wa majirani siku moja. Kuna cha kuona au mpaka twende porini? – Mama Watatu

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote fungua boksi utazame kama kuna kijilenzi cheusi kimeandikwa cha jua. Kitupe. Siyo kukificha, kitupe, maana kinakaa jichoni pale joto la jua linapokusanyika na kinaweza kupasuka mtoto akiwa anachungulia, jicho linaharibika palepale. Darubini isitoke nje mchana bila mtu mzima.

Usiku sasa, mji siyo shida kwa Mwezi na sayari, zinang'aa vya kutosha. Usichague mwezi mpevu, watu wengi wanakosea hapo, mwezi mpevu unamulikwa usoni hauna vivuli unaumiza macho tu. Chagua siku ambazo Mwezi ni nusu, pale mstari wa giza na mwanga unapopita mashimo na milima inajitokeza mpaka watoto wanapiga kelele. Sayari ya Mushtarii (Jupita) ikiwepo onyesha vile vinukta vinne vya pembeni, ni miezi ileile mwanasayansi Galileo aliyoiona Januari 1610, waambie wachore, wachore tena kesho yake waone vimehama, mmoja wao, Io, unamaliza mzunguko wake kwa saa 42 na kidogo. Sayari ya Zohali pete zake zilitugeukia ubavu mwaka 2025 zikawa kama uzi, sasa zinafunguka pole pole.

Weka kistuli, mwambie kila mtoto mikono mgongoni, kwa sababu wakishika bomba tu linahama. Mwenye miwani aivue kwanza ajaribu kuzungusha kitufe cha kulenga. Dawa ya mbu ya kupaka mpake mbali na ukanawe mikono, zile zenye kemikali ya DEET zinakula plastiki. Na ukimaliza, unyevu wa Tanga unaleta kuvu kwenye lenzi, hifadhi na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu.

Mkiwa na binokula, kuanzia Desemba watafutie Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana. Wazee wa pwani walikuwa wakisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, waulize babu zao kama bado wanakikumbuka.

Asalaam aleikum. Mie nipo Muscat, wikendi huwa twatoka na rafiki zangu jangwani na darubini zao. Nataka kununua yangu lakini mwakani narudi Unguja kwa jumla. Itafaa kule? – Kijana wa Ng'ambo

Waaleikum salaam. Darubini yenyewe itafaa popote, angalia mguu tu, soma nilichowaambia wa Dodoma. Muscat Nyota ya Kaskazini iko nyuzi kama 24 juu, mguu wa kulengesha unafanya kazi vizuri, Unguja nyota hiyo huioni. Nunua Dobson ya mezani ya milimita 114 au 130, inaingia kwenye mzigo, ile ya inchi 8 utaachana nayo uwanja wa ndege.

Kwa upande wa kusini utafaidi. Suheli, ile nyota kali ambayo watu wa Ghuba wanaisubiri mwishoni mwa Agosti ionekane alfajiri wajue joto linaanza kupungua, hapo Muscat haipandi hata nyuzi 15, Unguja inapita 40. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani na yetu, nalo Unguja linaonekana Januari kwa macho matupu, mradi uwe upande wa mashariki wa kisiwa, mbali na taa za mjini na za hoteli. Jangwa lina ukavu ambao kisiwani huna, kwa hiyo beba kitambaa cha kufunika bomba, umande wa huko unalowesha kila kitu saa nne tu ya usiku.