Usipunguze Uzito Kwanza Ndipo Uanze Yoga

Msomaji wangu mmoja wa Thika ameniuliza kama ni lazima apungue kwanza ndipo ajiandikishe darasa la yoga. Hapana, dada yangu. Hapana kabisa. Nalijibu kwa ukali kidogo kwa sababu nililiuliza swali hilohilo, na jibu nililopewa linaniuma mpaka leo.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka ya kuinama juu ya kitambaa ilikuwa imenikaza kiuno hadi kuokota sindano sakafuni ikawa kazi. Nikaenda studio moja hapa Nairobi iliyotangaza kuwa wanaoanza wanakaribishwa. Mwalimu alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniambia mbele ya watu nikae nyuma kabisa nisije nikawachelewesha wenzangu. Darasa zima hakunikaribia. Alitaja mikao kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, bila kuonyesha, wenzangu wakageuka, mimi nikabaki kumwangalia jirani nijue ni mguu upi. Nililia kwenye matatu.

Mwalimu wangu wa sasa alikuja mwenyewe kwenye mkeka wangu kabla hatujaanza. Una presha? Goti je? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Kisha akaniwekea vitofali viwili vya yoga, vile vya kuegemea, chini ya viganja. Kwenye ule mkao wa kuinua makalio juu, mikono na miguu ikiwa chini, aliniambia nikunje magoti, nitanue vidole vya mikono, nikandamize pale chini ya kidole cha shahada ili kifundo cha mkono kisibebe mzigo wote. Mgongo ukarefuka. Nilihisi nafasi kwenye kiuno ambayo nilikuwa nimeisahau.

Hivyo vitofali usivionee haya. Aliyevieneza, pamoja na mikanda ya kusaidia kujinyoosha, ni mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar wa Pune, India, ambaye utotoni aliandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Yoga aliianza akiwa dhaifu.

Jumamosi iliyopita mwalimu aliniita mbele niwaonyeshe wageni mkao wa shujaa, ule wa goti la mbele kukunjwa na mikono kunyooshwa. Mimi, niliyefichwa nyuma! Mapaja yalitetemeka lakini mikono haikushuka.

Kwa hiyo uliza. Piga simu kabla hujalipa, uliza kama wanaoanza wana saa yao wenyewe au wanachanganywa na wazoefu. Uliza kama mwalimu huzunguka darasani. Usile mlo mzito katika muda wa saa mbili au tatu kabla ya darasa. Kama una presha ya damu au ya macho, au ni mjamzito, sema mapema, kwa sababu mikao ya kichwa chini haikufai bila ushauri wa daktari. Pumzi ikikatika, toka kwenye mkao. Maumivu makali, toka. Mwili ni amana uliyopewa, usimruhusu mtu auaibishe, na wewe usiuaibishe.

Na usiniambie walimu hakuna. Shirika la Africa Yoga Project lilianza hapa Nairobi mwaka 2007, na limefundisha vijana wengi wa mitaa ya kawaida kuwa walimu. Mwalimu akikupita bila hata kukuuliza jina, maliza saa yako, kunja mkeka, utafute mwingine. Wala usikimbilie kununua taiti za bei ghali: fulana na suruali inayovutika zinatosha, na studio nyingi zina mikeka ya kuazima.