Ukarimu kwa Kicheki: barua kwa mwanangu aliye Brno

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kwa hiyo shirika lenu limekukabidhi wewe kugeuza maombi ya michango ya wodi ya watoto kutoka Kiingereza kwenda Kicheki, na neno generous, yaani karimu, limekukalia kooni. Kamusi inakupa štědrý, velkorysý na šlechetný, nawe unauliza ushike lipi mpaka mwisho wa karatasi.

Usishike hata moja. Kiingereza kimelitumikisha neno hilo kupita kiasi: mfadhili ni generous, sahani ya wali ni generous, hata muda wa kulipa deni nao ni generous. Mcheki hakubali. Sahani iliyojaa ataiita vydatná, yenye kushibisha, basi. Mtu naye lazima useme alifungua mkono, au alikuwa na moyo mpana, au alijinyima.

Štědrý ni la mkono. Yule tunayesema ana mkono wa birika, huyu ni kinyume chake. Na wewe unalijua tangu ulipofika huko, maana tarehe 24 Desemba ni Štědrý den, Siku ya Ukarimu. Nikiwa nasoma udaktari Hradec Králové, mwenzangu wa darasani alinichukua kwao siku hiyo. Kulikuwa na samaki kapr wa kukaanga na saladi ya viazi, chini ya kila sahani gamba la samaki la kutia kwenye pochi ili fedha zisikauke mwaka mzima, na pembeni sahani ya ziada ya mgeni ambaye hakualikwa. Tukala. Kisha kengele ikalia chumba cha pili: Ježíšek, Yesu mtoto, ameshaleta zawadi! Watoto wakakimbia. Mama mwenye nyumba, ambaye najua alizunguka madukani wiki nzima, hakushukuriwa na mtoto hata mmoja, na alikuwa anacheka tu. Mtoaji hatakiwi kuonekana. Kwa watu waliolelewa hivyo, zile sifa ambazo Kiingereza humwagia wafadhili zinatia haya.

Velkorysý ni la upana. Velký ni kubwa, rys ni mstari wa mchoro au sura ya kitu. Ni mtu asiyehesabu senti wala kinyongo. Mwenye nyumba aliyewasamehe kodi ya ofisi, mwandikie hilo. Šlechetný limetokana na šlechta, yaani makabaila, kama vile generosus ya Kilatini ilivyomhusu mtu wa ukoo bora. Karimu yetu tuliyoitoa Uarabuni nayo imebeba utukufu pamoja na utoaji. Lakini šlechetný leo limebaki la hotuba na hadithi za kale, liache huko. Wauguzi wanaokesha na watoto ni obětaví, wenye kujitoa, na hapo uwe mwangalifu kidogo: oběť ni sadaka, ila ndiyo pia mhanga wa ajali kwenye taarifa ya habari.

Mtego mkubwa zaidi hukuutaja, kwa hiyo nadhani umeshanasa. Contribution, yaani mchango, usiiandike příspěvek kila mahali. Mtu akiona příspěvek anaweza kufikiria ada ya chama chake, au ruzuku ya serikali. Kitenzi chake hakina shida, ila Kicheki kinakudai useme ni mara moja au ni mazoea. Kwa anayetoa leo, přispějte. Kwa anayeombwa kila mwezi, přispívejte. Kiingereza kinasema give kwa wote wawili na hakioni tatizo.

Charity, yaani hisani, nayo usiigeuze kuwa charita. Charita kule ni shirika la Wakatoliki, wale ambao kila Januari watoto wao huvaa taji za wafalme watatu, wakapita nyumba kwa nyumba na kikopo kilichofungwa kwa muhuri, wakiandika K+M+B kwa chaki juu ya mlango. Watu watadhani nyinyi ndio wao. Dobročinnost, kutenda mema, ni sahihi, ila mimi linanichosha. Sbírka ndilo ninalolipenda. Ni mchango, kitu kilichokusanywa, na halimpandishi mtu yeyote juu ya mwenzake.

Ukienda Praha ingia Jumba la Taifa la Maigizo, utazame juu ya jukwaa. Jiwe la msingi liliwekwa 1868, fedha zikitoka kwenye michango ya watu. Likafunguliwa Juni 1881, na Agosti mwaka huohuo likaungua. Watu wakachanga upya, kiasi cha zlatý milioni moja, fedha ya enzi hizo, kwa siku 47, na 1883 likafunguliwa tena. Maandishi ya pale juu ni maneno mawili tu: Národ sobě, taifa kwa lenyewe. Hakuna ukarimu uliotajwa pale.

Hata kwenye damu ni hivyohivyo, na hapo nazungumza mambo ya kazini kwangu. Jan Janský, Mcheki aliyeeleza makundi manne ya damu mwaka 1907, ndiye ambaye jina lake limepewa nishani ya wachangiaji damu: shaba kwa mara 10, fedha kwa mara 20, dhahabu kwa mara 40. Imehesabu alichofanya mtu, moyo wake haikuupima.

Nawe fanya hivyo kwenye karatasi yako. Ule mstari wa mwisho, Your generosity changes lives, yaani ukarimu wenu hubadili maisha, usiutafsiri kabisa. Kama fedha za mwaka jana zilinunua vitanda vya watoto, andika Díky vám má oddělení nové postýlky: shukrani kwenu, wodi ina vitanda vipya. Kama hazikununua, waulize wakubwa wako zilinunua nini, kisha uandike hicho. Wakikataa ufute hayo maneno yao matamu, waambie laskavost, yaani wema, waliyoisifu kwenye aya ya pili Mcheki anaweza kuisoma kama fadhila ya kuombana kazini, pengine watalegea.

Nitumie rasimu kabla hujaipeleka. Viambishi vya Kicheki sijavisahau vyote.

Mama yako, Tanga