Maswali na Majibu: Biskuti za Sukari za Kuoka Nyumbani

Barua nyingi za wasomaji safari hii zinahusu biskuti za sukari, zile nyepesi ambazo donge lake husukumwa kama la chapati na kukatwa kwa mdomo wa glasi. Ili tuelewane, vipimo nitakavyovirejelea ni hivi: unga mweupe wa ngano gramu 300, siagi gramu 170, sukari gramu 150, yai 1, nusu kijiko cha chai cha beking poda, chumvi kidogo, na kijiko kimoja cha chai cha vanila au nusu yake ya iliki iliyosagwa. Siagi hupigwa pamoja na sukari, kisha hutiwa yai na vanila, na mwisho unga uliochekechwa pamoja na beking poda na chumvi. Donge husukumwa kwa unene wa milimita 5 na biskuti huokwa katika nyuzijoto 180 kwa dakika 10 hadi 12.

Biskuti zangu hukatika vizuri, lakini zikiingia ovenini hutawanyika na kushikana. Nimeongeza unga, zikawa ngumu na bado zinatawanyika. Nifanye nini? (Msomaji, Tanga)

Uache unga kama ulivyo, kwa maana tatizo liko kwenye siagi, na hasa kwenye joto lake. Siagi huyeyuka kabisa inapofikia nyuzijoto 32 hadi 35, na katika majira ya joto jiko la Tanga halipungukiwi sana na kiwango hicho, kwa hiyo siagi iliyokaa mezani tangu asubuhi huwa imekwisha kuwa nusu mafuta kabla hujaigusa. Siagi ya namna hiyo haiwezi kushika hewa unapoipiga na sukari, na biskuti ikikutana na moto, mafuta hukimbia kabla unga na yai havijapata nafasi ya kukaza umbo. Itoe siagi kwenye friji pale tu unapotaka kuanza, ikate vipande vidogo, na uipige ikiwa bado ya ubaridi kiasi cha kidole kubonyea bila kuzama. Ukishachanganya, lifunike donge na ulirudishe kwenye friji kwa muda usiopungua nusu saa. Baada ya kukata biskuti, weka trei nzima kwenye ubaridi kwa dakika nyingine 10. Trei ya pili nayo isipangwe biskuti ingali moto, jambo ambalo wengi hulisahau kwa sababu ya haraka.

Kuna sababu nyingine mbili za kuchunguza. Kwanza, kama unatumia margarini, soma lebo yake: ile yenye mafuta karibu asilimia 80 huoka vizuri, lakini zile laini za kupaka mkate, ambazo mara nyingi zina maji mengi zaidi, zitakutawanyikia hata ukizigandisha. Pili, sukari. Sukari yetu ya dukani aghalabu ina chembe kubwa, ambazo haziyeyuki wakati wa kupiga bali huyeyukia ovenini na kuzidisha kutawanyika. Isage kidogo kwenye blenda au kinu, isiwe vumbi, na utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Sina mizani. Gramu 300 za unga ni vikombe vingapi? (Msomaji, Dodoma)

Ni vikombe viwili na karibu nusu, ikiwa unga umechekechwa, ukatiwa kikombeni kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu. Ukizamisha kikombe ndani ya mfuko na kushindilia, kikombe kile kile kinachobeba takriban gramu 125 kitabeba 150 au zaidi, na biskuti zitakuwa kavu kama mbao. Hakikisha pia kwamba unga ulionunua si ule uliokwisha kutiwa beking poda kiwandani. Kama ndio huo, usiongeze nyingine.

Sina oveni, nina jiko la mkaa na masufuria. Inawezekana? (Msomaji, Kigoma)

Inawezekana kabisa, na mikate mingi ya kumimina huokwa hivyo hivyo, kwa moto wa juu na chini. Chukua sufuria kubwa nzito ambayo huna wasiwasi nayo, mwaga mchanga mkavu na safi kiasi cha sentimita 2 au 3, ufunike, na uipashe moto kwa dakika 15 hivi. Panga biskuti kwenye sahani ya bati inayoingia bila kugusa kingo, iweke juu ya vijiwe vitatu ili isikae moja kwa moja juu ya mchanga, kisha funika na upange makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, kwa sababu biskuti ni nyembamba na huungua tumbo upesi kabla uso haujabadilika rangi. Kwa kuwa huna kipimajoto, oka kwanza biskuti moja peke yake: ikigeuka kahawia pembeni kabla ya dakika 7, punguza makaa, ikipita dakika 15 ikiwa bado nyeupe, ongeza. Mimi naona biskuti za mkaa zina harufu ambayo oveni ya umeme haiwezi kuitoa, lakini kazi hii ifanyike uani au penye hewa ya kutosha, kwani gesi ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua.

Shikamoo Mwalimu. Kwetu sahani ya Idi haikosi nankhatai na vileja. Je, biskuti za sukari si nankhatai zilizobadilishwa jina tu? (Kijana, Zanzibar)

Marahaba. Zina undugu, lakini si kitu kimoja. Nankhatai, ambazo asili yake ni Bara Hindi, kwa kawaida hufanywa kwa samli bila yai, na donge lake halisukumwi bali hufinyangwa viduara kwa mkono. Ndiyo maana hupasuka juu na kumomonyoka mdomoni. Vileja ni vya unga wa mchele, ambao hauna gluteni, yaani ile protini ya ngano inayoshikanisha donge, na kwa hiyo hutaka mkono mwepesi zaidi. Biskuti ya sukari hushikwa na yai pamoja na ngano, na ndiyo inayokubali kukatwa nyota au mwezi na kubaki na umbo hilo. Kama sahani yenu ina nafasi moja tu, ningechagua vileja.

Niko Eldoret. Donge langu linavunjikavunjika nikilisukuma, ingawa nafuata vipimo. (Msomaji wa kike)

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni kavu na maji huvukizwa upesi. Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha maziwa baridi, punguza beking poda hadi robo kijiko cha chai, na uangalie biskuti kuanzia dakika ya 8. Kama donge limetoka kwenye friji likiwa gumu, liache dakika 10 kabla ya kulisukuma.

Mwanangu hadhuriwi na maziwa, ila hawezi kula yai. (Msomaji, Bujumbura)

Badala ya yai, tia vijiko vitatu vya chakula vya maziwa baridi, kidogo kidogo, na ukomee pale donge linaposhikana. Biskuti zitakuwa za kukatika zaidi.

Watoto wanapenda kulamba donge bibichi. Kuna ubaya? (Msomaji, Morogoro)

Upo. Watu huogopa yai peke yake, lakini unga wa ngano nao haujapikwa na unaweza kubeba vijidudu vya kuumiza tumbo. Wape kazi ya kukata maumbo, kisha waoshe mikono.

Nikizioka Mombasa, siku ya pili zimelainika. (Msomaji)

Unyevu wa pwani huvutwa na sukari iliyomo. Ziache zipoe kabisa juu ya waya, kwa sababu mvuke wa biskuti yenye joto ukifungiwa koponi utazilainisha hata Nairobi. Zihifadhi kwenye bati lenye kifuniko kinachobana, na uchukue za siku ile tu badala ya kufungua bati kila saa; kwa njia hiyo hudumu wiki mbili. Zilizokwisha kulainika zirudishe ovenini kwa nyuzijoto 150 kwa dakika 5, isipokuwa zilizopakwa sukari ya unga, ambazo ni afadhali kuzila siku hiyo hiyo.