Jirani asingoje kukuomba

"Ukihitaji chochote niambie." Maneno matamu, na tangu nihamie nyumba za ghorofa hapa Mombasa nimeyasikia mpaka basi. Lakini ukiyapima, yanamwachia mwenye shida mizigo miwili: shida yenyewe na kuiombea. Na sisi wa pwani kuomba kunatutia haya. Mtu yuko radhi alale na kiu kuliko kukubishia mlango usiku.

Kwangu mimi, mwenye kujali wenzake ni yule anayeona kabla ya kuambiwa, kisha akafanya jambo dogo linaloeleweka.

Chukua maji, maana hapo ndipo majirani wengi wa mji huu hujuana tabia. Maji yetu yanatoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Huko kukiharibika kitu, huku tunakauka, na visima vingi vya kisiwani ni maji ya chumvi. Kwa hiyo tunaishi kwa mgao. Yakija, huja saa yatakayo, mara nyingi watu wamelala, na kwa nguvu ndogo. Wa chini akiacha mfereji wazi, wa ghorofa ya tatu hapati hata tone.

Ninachofanya mimi: nikijaza mitungi yangu nafunga, ya kufua yatangoja. Halafu nabisha milango ya waliolala, kuanzia kwa mwenye mtoto mchanga. Akipita muuza maji na mkokoteni, naita juu kwa mzee wetu kabla hajaondoka, kwa sababu mzee hawezi kushuka kwenda kumwita, na sauti yake haifiki barabarani. Si lazima umlipie. Kumwita tu kunatosha.

Msibani twajitahidi zaidi. Siku za matanga masinia ya wali huingia kwa wingi, hata chakula kikabaki. Shida huanza watu wakishatawanyika. Mjane yuko edani, miezi minne na siku kumi, na mizunguko ya sokoni si yake tena. Hapo usimuulize "wataka nini?", atakujibu "alhamdulillahi, sina haja." Mwambie hivi: "Bi mkubwa, naenda Kongowea, nikuletee tungule na vitunguu, au leo wataka samaki?" Swali la namna hiyo hujibiwa, maana safari ni yako tayari na yeye hajisikii mzigo.

Yapo na mengine madogo. Jirani anayefanya zamu ya usiku bandarini hulala mchana. Watoto wako na mpira wao ngazini wapeleke uwanjani. Ukipiga hodi mara tatu kimya, ondoka, usichungulie dirishani. (Wapo wanaojiita wenye kujali ambao kazi yao ni kuhesabu nani kaingia kwa nani. Huo ni umbea, usiupambe jina.) Na ukimsaidia mtu, lisitoke mdomoni mwako. Ukilipeleka barazani, unga uliompa leo kesho ataukuta mtaani una jina lake.

La sahani nimeliacha nyuma makusudi, kwa kuwa wengi hawalifikirii. Ramadhani hutumiana futari, na kwetu sahani ya jirani hairudi tupu: akikupa mbaazi, utairudisha na kaimati au angalau tende. Desturi nzuri mno, lakini kwa aliyepoteza kazi, sahani yako iliyo juu ya kabati lake ni deni linalomtazama kila asubuhi. Nimeona mama akikaa na sahani za watu wiki nzima, kisha akaanza kukwepa ngazi wasikutane naye.

Basi ukijua hali ya mtu si nzuri, mtume mtoto na umwambie, "Ngoja mlangoni wamimine, urudi nayo." Au tia kwenye mkebe wa plastiki wa kutupwa. Na peleka mapema, alasiri, kabla hajaanza kuwaza atapika nini. Ukipeleka adhana ikilia, ameshateleka uji mtupu na ameshaona haya mbele ya wanawe.